Maji ya Mungu

Tangu apewe ushemasi, Viateur hakukanyaga tena ardhi, alielea. Bwana mkubwa aliyeshindwa hata kujifulia soksi sasa aliona mashetani ndani ya chungu cha mama yake.

Chungu chenyewe kilikuwa kidogo tu, cha udongo. Kila jioni mama huyo, Mukamana, alikijaza maji, akakifunika, akakiweka karibu na mlango, kama mama yake alivyofanya kule kijijini Kanama. Mungu hushinda akizunguka dunia, wazee walisema, lakini kulala hulala Rwanda. Je, akute nyumba kavu? Asubuhi maji hayo hupewa mtu wa kwanza kubisha hodi na kiu yake. Basi, ndiyo dini yote. Haikuhitaji tai wala kipaza sauti.

"Mama, hii ni mambo ya wapagani," Viateur alisema Jumamosi ile, akiyamwaga uani. "Pasta anakuya kubariki nyumba. Nikiona tena mayi humu, donc, utarudia Kanama."

Kanama hakukubaki ndugu, na wajukuu wake wote walikuwa hapa Mbugangari. Mukamana akakiinua chungu kitupu, akakirudisha ndani.

Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu tangu juzi. Ndani lilibaki dumu moja, ambalo Viateur alilifunika kitambaa cheupe ili pasta ayaombee maji yake na kunyunyiza vyumba.

Ndipo Saidati, jirani yao fundi cherehani, akabisha. Mgongoni, mwanawe Igihozo alikuwa amelegea, macho yameingia ndani kwa kuharisha.

"Mukecuru, bibi yangu, nisaidie mayi. Dawa iko, ya kuchanganyia ndiyo sina."

"Hii mayi iko ya Mungu," Viateur akadakia. "Uliza kwa musikiti yenu."

Mukamana aliwatazama wajukuu wake, akayatazama macho ya yule mtoto. Akang'oa kitambaa cheupe.

"Beba yote," akamwambia Saidati. "Mutoto wa kuharisha hatosheki na kikombe."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Pasta alipofika na wageni wengine, akivuja jasho, shemasi wetu alimshtaki mama yake mzazi mbele ya wageni: amewapa Waislamu maji ya Mungu! Pasta alikohoa, akauliza kama kuna Fanta.

"Mungu alifika kabla ya pasta," Mukamana akasema. "Alikuya na kiu, kwa mugongo ya Saidati. We ukamufukuza."

"Bon, nenda Kanama!"

"Naenda. Mi siwezi kulala mu nyumba Mungu alifukuzwa."

Wajukuu walimng'ang'ania kitenge, naye akalia bila kujificha. Lakini kabla ya kupanda pikipiki alipita kwa Saidati. Igihozo alikuwa ameketi, anashika kikombe mwenyewe. Mukamana akamkabidhi Saidati kile chungu.

"Jioni weka mayi humu," akasema. "Akirudi leo, ajue analala wapi."