Mswaki wa Mkono wa Kushoto

...na huu wenye kichwa cha duara unazunguka huku na huku, anasema muuzaji, na huu mwembamba hauzunguki, unatetema tu, kwa kasi ambayo jicho halioni, yote miwili ni mizuri, inategemea tu dada unataka nini, na mimi nimesimama mbele ya kabati la kioo la duka la dawa, mkoba begani, vijiuzi vya mapazia vimening'inia kwenye sketi tangu asubuhi, nikijiuliza hilohilo, nataka nini, maana hii ni mara ya tatu naingia humu mwezi huu na mara mbili nimetoka na dawa ya kikohozi, na nyumbani kwangu hakuna anayekohoa... "Ni wa kwako mwenyewe?" anauliza, ni msichana mpole, koti jeupe limemzidi mabega, wa mama, namwambia, "ana umri gani?", sabini, "na meno ni yake?", ni yake, yote, ukitoa magego mawili, na najisikia nikijivuna kana kwamba ni mimi niliyeyaotesha, lakini ni kweli, mama alikuwa na meno ya kutazamwa, alisema meno machafu yanasikika kwenye simu, wenzake wakamcheka, na yeye alijua anachosema, miaka thelathini alikaa kwenye chumba kidogo cha simu cha hospitali, spika masikioni, vitufe mbele yake, "Hospitali, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?", watu wa kule walimwita Mama Subiri kwa sababu kila aliyepiga aliambiwa subiri kidogo, akasubiri, wala hakukasirika, sauti ile ungeisubiri hata kiangazi kizima... "Basi kama ni mtu mzima," anasema muuzaji, "mimi ningeangalia nyuzi kwanza, zisiwe ngumu," ananipa nishike, napitisha kidole gumba juu ya nyuzi kama ninavyopima kitambaa dukani kwangu, hizi laini, hizi laini zaidi, ncha zake zimeviringwa, daktari wa meno alisema hivyohivyo, nyuzi laini, kichwa kidogo kinachofika nyuma, maana fizi za mama zinatoa damu, upande wa kulia, upande ule uliolala tangu kiharusi, chakula kinajificha shavuni na yeye hakisikii, hajui kipo, naingiza kidole nakitoa, punje ya wali, kipande cha yai, na yeye anatazama ukuta kama mtu anayepekuliwa mpakani...

Asubuhi ya leo hakutazama ukuta. Leo aliushika mswaki. Nilikuwa nimemkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya sinki, taulo kifuani, dawa ya meno tayari juu ya mswaki, nimeweka kiganja chini ya kidevu chake kama kila siku, na mkono wake wa kushoto, huo mzima, ukapanda taratibu, ukashika mswaki juu ya vidole vyangu, akavuta, akasema "Mi," akameza mate, akasema "Mimi," na tangu kiharusi maneno yake yote hayajai kikombe, anasema maji, anasema baridi, anasema jina la mjukuu wake, na leo akasema mimi, na mimi, mimi mwanawe, niliyesoma nikahitimu, mwenye akili zangu timamu, nikamwambia "Utajiumiza, mama," nikauchukua... nikauchukua kutoka mkononi mwake. Akafunga mdomo. Nikasema panua, hakupanua. Nikasema mama tafadhali, nachelewa kazini, akanigeuzia shavu lile lililolala, povu la dawa likatiririka kidevuni, nikalifuta, na mume wangu akapita koridoni na kikombe chake cha chai akasimama, akanitazama, akaenda zake, yeye ambaye kwa kila kitu ana la kusema, yeye aliyesema juzi, nilipomwambia habari za mswaki wa umeme, "Tumnunulie mama mswaki au pikipiki? Maana kwa makelele hayo majirani watadhani anaondoka," na mama akacheka, nusu ya mdomo, kicheko cha upande mmoja, anamchekea yule, fundi wa mafriji ambaye mama alimkataa asikanyage kwake, ndiye anayembeba sasa kutoka kitandani, ndiye aliyetoboa ukuta wa bafu akafunga chuma cha kushikia... "Huu una saa ndani," anasema muuzaji, "dakika mbili kamili, kila nusu dakika unashtuka kidogo kumwambia hamia upande mwingine, na akikandamiza sana hapa panawaka taa nyekundu," anaugusisha kwenye kioo cha kabati, kweli panawaka, nyekundu kama jicho la aliyelia, halafu anauweka mgongoni mwa mkono wangu nisikie, unanitekenya, na ghafla nina miaka mitano.

Nina miaka mitano, nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mkono wa mama uko chini ya kidevu changu, mkavu, una harufu ya sabuni ya kufulia, "Panua. Zaidi. Funga. Tema," kila asubuhi kabla hajaenda kwenye simu zake, na sikumbuki mkono ule ukinishika mahali pengine popote, mama hakuwa mtu wa kukumbatia, wengine walipakatwa, wengine walisukwa nywele kwenye magoti ya mama zao, mimi nilipelekwa kwa msusi, lakini meno, meno alinisugua mwenyewe hadi nina miaka tisa, nilikuwa najua kusugua, tangu miaka sita nilijua, nikajifanya sijui, nilikuwa naacha kwa makusudi huku nyuma ili akikagua aseme "Lete hapa," na niulete uso wangu, na ukae pale kiganjani, dakika mbili, labda tatu... Mungu wangu. Nilijifanya sijui. Na leo asubuhi nimejifanya kwamba yeye ndiye hajui. "Dada, uko sawa?" Niko sawa, niko sawa, huo wa duara chaja yake ikoje, nauliza, nauliza tu nisikie sauti nyingine, na anaeleza, unausimamisha hivi, unakaa na chaji wiki mbili, mwingine ni wa betri za kawaida, rahisi kidogo lakini nguvu inapungua betri zikichoka, na usinunue wowote kabla hujauliza vichwa vya kubadilisha vinapatikana, watu wanabebwa na rangi, miezi mitatu kichwa kimechakaa na mswaki umekuwa pambo... anaijua kazi yake msichana huyu, nampenda, natamani asinyamaze, maana akinyamaza namsikia yule mwanamke anayekuja kumnyoosha mama viungo kila Jumanne, yule wa mikono minene, aliyesimama mlangoni kwangu akivaa viatu akasema bila hata kunitazama, "Dada, akiweza nusu, mwachie hiyo nusu. Kila unachomfanyia anachokiweza, unamnyang'anya," na mimi nikaitikia, ndiyo, ndiyo, ahsante, nikafunga mlango nikamchukia hadi Ijumaa.

Kwa sababu nikimwachia, ninabaki na nini. Hilo ndilo. Ndiyo dawa za kikohozi hizo. Sikuogopa bei, wala sikuchanganywa na duara na mwembamba, niliogopa asubuhi ambayo mama atasugua meno yake mwenyewe na kidevu chake hakitakuwa na sababu ya kuja mkononi mwangu, maana ameanza kuniletea, wiki hizi, anakileta mwenyewe kabla sijamwambia, macho anayafumba, na mimi namtazama kwa karibu kama sijawahi kumtazama, kovu dogo juu ya mdomo nisilojua alilipata wapi, vinyweleo vyeupe, kope zilizobaki chache, nayatazama yote, napunguza kasi, nasema bado mama, bado kidogo huku nyuma, na huku nyuma kumeshakuwa safi zamani... mwizi. Mwizi wa dakika. Nimezikosa dakika nyingi, ndiyo maana, miaka sita mizima, alisema "Ukitoka na huyo fundi wa mafriji, nambari yangu uisahau," nikatoka, na kinywa ni jumba la maneno, nami nikayatoa ya kwangu mlangoni, nilisema heri ningezaliwa simu, labda ungeniinua mara moja moja, nilisema hivyo, kwa mama yangu, na begi mkononi. Kisha nikaanza kupiga. Sikupiga kwake, nilipiga hospitali, kutoka simu ya duka la mapazia nilikokuwa nashona, asubuhi kabla fundi mkuu hajaingia, na inaita mara mbili na inakuja sauti ile, "Hospitali, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?", na mimi kimya, nimeziba mdomo kwa kiganja, "Halo? Nikuunganishe na nani?", kimya, halafu anasema, taratibu, "Haya, subiri kidogo," na hakati, simu inabaki wazi, namsikia akiongea na wengine, wodi ya wazazi imejaa, daktari hayupo, ndiyo mzee, pole mzee, namsikia akipiga chafya, akivuta kiti, namsikia akiwa hai, dakika tatu, dakika tano, mpaka naweka mimi, kila mara naweka mimi...

Kila mara niliweka mimi.

Muuzaji anasema kitu kuhusu dhamana, mwaka mmoja, utunze risiti, na simsikii vizuri, kwa sababu jambo ambalo sijawahi kulifikiria kwa miaka yote hii limesimama mbele yangu kwenye kioo cha kabati, kati ya uso wangu na miswaki, mpokea simu wa hospitali nzima, mwenye watu kumi wanaongoja laini, wajawazito, waliopata ajali, akimpata mtu asiyesema kitu anakata, ni kazi yake kukata, alikuwa anawafokea watoto waliochezea simu mpaka nyumbani tunasimuliwa, na yangu hakuikata, hata siku moja, miaka sita, asubuhi moja au mbili kila wiki, aliiacha laini moja wazi na akaendelea na kazi yake nimsikilize, na ile chafya, na kile kiti, na siku moja, nimekumbuka sasa hivi, siku moja alimwambia mtu pembeni, kwa sauti, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mimi nimeshapona ile homa, nala vizuri, nalala vizuri," na nikadhani anaongea na mwenzake, na chumba kile, nilikijua tangu utotoni, kilikuwa cha mtu mmoja. Alikuwa peke yake. Alikuwa ananiambia mimi.

"Dada, kaa kidogo," anasema muuzaji, anazunguka kaunta, ananisogezea kiti, na mimi nasema hapana, ni vumbi tu la vitambaa, macho yangu yana shida na vumbi, anacheka kwa adabu, hajaniamini, na nafikiri jinsi mama alivyokuja mwaka ule mtoto wangu alipozaliwa, alibisha hodi na furushi la nguo za kichanga, akamwambia mume wangu "Nipishe nipite, baba," akaingia, tukamimina maji ya moto, tukaosha mtoto, wala hatukuizungumza ile miaka sita, tuliipita pembeni kama watu wanavyopita dimbwi, huyu anakunja suruali, huyu anakunja gauni, na ng'ambo tukaendelea na habari za maziwa, na nikawa nasema moyoni ipo siku, ipo siku nitamuuliza, na badala ya siku hiyo kikaja kiharusi, na maneno yakawa maji, baridi, jina la mtoto. Na leo mimi. Neno gumu kuliko yote alilitafuta mwezi mzima akalipata, akaliweka mkononi mwangu, nikamwambia atajiumiza. Wote wawili sisi ni watu wa kuhitaji kisingizio, yeye alihitaji simu, mimi nahitaji mswaki, mtu na mama yake wanapita mlango wa uani kuingia nyumba yao wenyewe... "Huu mnene unashikika vizuri kwa mkono dhaifu," anasema muuzaji, "una mpira hapa hautelezi, kitufe kimoja tu, kikubwa, anakibonyeza kwa gumba, anatumia mkono gani?" Wa kushoto, nasema, na nauchukua kwa mkono wangu wa kushoto, nafumba macho, nabonyeza, napeleka kinywani bila kuugusisha, mzito kidogo lakini unakaa, unakaa kiganjani wenyewe, ataweza, nauona ukifika mpaka kwenye lile shavu asilolisikia, mtetemo labda atausikia, labda hata hatausikia, lakini atakuwa ameupeleka yeye, na dawa itamtiririka na gauni litalowa na nitatoka nje nivute mlango, nitavuta mlango kabisa, sitauacha na mwanya. Na kidevu? Kidevu nitakiomba. Nitasubiri amalize, ajifute mwenyewe, arudi kitini kwake dirishani, nitavuta kigoda nikae mbele yake, mikono mitupu, bila taulo wala punje ya wali ya kutafuta, na niseme mama, nilikuwa nakupigia mimi, na niseme naomba nikushike uso, basi tu, sina sababu, na akitaka kugeuka ageuke, ana haki, nitakuwa nimeomba kwa mdomo wangu, kitu ambacho katika maisha yangu yote, pamoja na haya meno mazuri niliyosuguliwa, sijawahi kumwomba... "Kwa hiyo tuseme upi, dada," anasema msichana, ameshika miwili, mmoja kila mkono, kama alivyokuwa ameishika nilipoingia, na nyuma yangu mtu mwenye cheti cha daktari ameanza kuguna, na jua la saa nne halijasogea hata kigae kimoja sakafuni, na mimi nasema mnene, wa mama, usiufunge sana, nataka aufungue mwenyewe.