Kufuli Lililomfuata Kitinda

Kila asubuhi washonaji wakishaingia wote, msimamizi alivuta mlango wa chumba cha kushona, akatia kufuli kwa nje, akaenda zake kunywa chai. Tajiri ndiye aliyeagiza hivyo, eti vitambaa visitoke vimefichwa ndani ya sketi. Mlango ulikuwa wa mbao nzito. Madirisha yalikuwa juu karibu na dari, na wavu wake ulikuwa umezibwa na vumbi la pamba.

Karibu na ukuta alikaa msichana wa kushona kola. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kwa mama yake. Kazini walimwita Honi.

Jina hilo lilitokana na hofu. Ilimjia bila hodi, mara tu akisikia kufuli limelia ka! Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, hewa ikagoma kushuka, naye akapiga ukelele uliofika mpaka dukani mbele, kwa wateja. Msimamizi alikuja mbio kufungua. Kitinda alikalishwa uani apunge upepo, na muda wote huo mlango ukabaki wazi, na wenzake wote wakapumua.

"Honi, mbona leo kimya?" mpiga pasi alikuwa akimtania. "Tunaiva humu, mwenzetu!"

Tajiri alichoka na kelele. Alimwita mama yake Kitinda akamwambia binti atibiwe au abaki nyumbani. Akataja kliniki yenye mashine ya sumaku inayotuliza ubongo. Mama alikuwa mtu wa wasiwasi, wa kufunga mlango wa nyumba akarudi tena kuutikisa, na alikuwa amechoka kumpokea mwanawe jioni akiwa amepauka kama jivu. Alishukuru. Hakuuliza mtoto anaogopa nini. Mzazi mwenye haraka ya kuponya husahau kuuliza.

Mtaalamu wa mashine ndiye aliyeuliza.

"Hofu inakuja saa ngapi?"

"Wakifunga mlango," Kitinda alijibu.

"Basi hiyo ni kichwani tu. Vua chuma chote, ukae hapa."

Kitinda alivua hereni, pete na vibanio vya nywele. Pini zilizochomekwa kwenye ukosi wa gauni lake hazikumjia akilini. Mshonaji hahesabu pini kuwa kitu alichovaa, kama vile mtu asivyohesabu kucha zake. Mtaalamu alimwekea kichwani kitu mfano wa sahani mbili zilizoungana, chenye mpini, akawasha. Mashine ikagonga to-to-to-to, nyusi za Kitinda zikarukaruka. Pini zikatoka ukosini moja moja, zikapanda shingo, zikaingia kwenye kipaji cha uso. Hakukutoka damu.

Mtaalamu alitazama ukosi, akatazama mashine.

"Zimeingia," alisema. "Si neno, ni ndogo. Mama, mlete tena kesho."

Matibabu yalipokwisha, Kitinda alikuwa amepona. Kufuli lilipolia, aliinua kola nyingine akashona. Nyumbani vijiko viliacha kabati, vikaja kumlalia begani. Mama alivipangusa akavirudisha.

Chumbani joto lilizidi, maana sasa hakukuwa na sababu ya kufungua mpaka jioni.

"Wee Honi," mpiga pasi alimsihi, "piga basi hata ukelele mmoja wa uongo."

"Nimejaribu, dada. Unatoka kama salamu."

Alasiri moja pasi ilisahauliwa juu ya rundo la mashati. Moshi ulipanda, ukagonga dari, ukaanza kurudi chini. Wanawake wote walimgeukia Kitinda.

"Moshi huo," alisema, kama mtu anayesema mvua inanyesha, akakata uzi.

Waliupiga mlango kwa ngumi. Uani, msimamizi alisikia vishindo, akasikiliza kama kuna sauti ya Honi, hakuisikia, akajua wanatania. Akamimina kikombe kingine.

Ndipo kufuli likajifungua lenyewe. Likadondoka, likapita chini ya mlango kama panya, likavuka sakafu, likampanda Kitinda na kujibandika kwenye kipaji. Wanawake walitoka wakikohoa, wakimburura mpiga pasi aliyekuwa amezimia. Walimlaza uani, wakammwagia maji mpaka akafumbua macho. Kitinda alitoka wa mwisho, kola mkononi.

Msimamizi alinyoosha kiganja. "Kufuli langu."

Kitinda alimpa. Msimamizi alipolirudisha mlangoni, likamfuata Kitinda tena. Tajiri alikuja kujionea, akaagiza mlango utiwe boriti ya mti kwa nje. Kisha akaona jambo lililompendeza: pini zote zilizopotea sakafuni zilikuwa zimekusanyika kwenye mikono ya Kitinda. Tangu siku hiyo, kazi ikiisha, hupitishwa katikati ya cherehani kuokota pini. Anazibandua mwenyewe na kuzitia kwenye kopo.

Mama alipopata habari za moshi alikwenda mpaka kwa msimamizi.

"Fungueni mlango."

"Mama, mwanao si amepona? Unataka nini tena?"

"Nataka hofu yake. Nirudishieni."

"Hiyo kaulize kliniki."

Aliuliza. Mtaalamu alisema hawaweki.

Basi mama alianza kukaa uani, kwenye ndoo iliyofudikizwa. Boriti ilipoangushwa mahali pake, moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, naye akapiga ukelele. Ndani wakausikia.

"Honi imehamia nje!" mpiga pasi alisema, na wengine wakacheka kidogo, wakingoja boriti inyanyuliwe.

Haikunyanyuliwa. Msimamizi aliwaeleza wateja, tena kwa upole, kwamba anayelia yuko nje, na nje hakukufungwa.

Tajiri alimhurumia mama. Amemwombea nafasi kliniki, kwenye kiti kilekile. Kitinda atamsindikiza mpaka mlangoni tu, maana akiingia mashine humgeukia. Amemshauri mama yake kwa sauti tulivu avue chuma chote, na apapase vizuri ukosini. Kisha akaingia kazini, na boriti ikaanguka mahali pake.