Daftari la Wifi

Wivu ninao, sikatai. Wifi yangu anasema nina kijiba cha roho. Mimi nasema nina macho, basi.

Kisiwa chetu kiko katikati ya ziwa, na ziwa lenyewe liko juu sana milimani, mahali ambapo mgeni akipanda ngazi kumi tu kutoka gatini lazima asimame atafute pumzi. Wanakuja na mashanta makubwa mgongoni, wanazunguka kisiwa kwa miguu siku tatu, na kulala wanalala majumbani kwetu kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwa wifi, dada wa mume wangu, mjane ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Zamu ni sawa kwa sawa. Tatizo ni madaftari.

Kila nyumba ina daftari ambamo mgeni anayeondoka huandika neno. Kwangu anaandika mstari mmoja, anabeba shanta lake, huyo. Kwa wifi wanaandika kurasa mbili mbili, wanaazimana kalamu, wanacheka wenyewe. Wifi ameshamaliza madaftari manne, mimi bado nasuasua na la kwanza. Na supu yangu ni ya moto, na mablanketi natoa manne kwa kila kichwa! Yeye hata jiko lake linamshinda. Kila akipata wageni, mume wangu lazima aende jioni kumsaidia kuliwasha.

"Wifi, wamenijazia tena!" hunipigia kelele kutoka uani kwake.

"Hongera, wifi," namjibu, na roho inaniuma kama jino bovu.

Kusoma sijui. Nilikulia ng'ambo ya ziwa nikichunga kondoo. Na mume wangu siwezi kumwomba anisomee, maana ni kama kuliomba gogo. Gogo ndilo jina nililompa, naye halipingi. Anakula, anapangusa mdomo, analala. Zamani alikuwa akianza kusimulia jambo, lakini mimi nilikuwa najua litakapoishia, nikawa namkatiza njiani ili tumalize vyombo.

Juzi zamu ikaniletea mgeni nesi, msichana mpole. Hewa nyembamba ya huku ilimpa maumivu ya kichwa, akaamua kupumzika siku nzima. Mchana wifi alipoteremka gatini kupokea kundi lake, niliingia kwake, nikachukua daftari, nikalificha chini ya aproni.

"Nisomee, mwanangu," nikamwambia nesi. "Nataka kujua huyu anawalisha nini."

Akafunua kurasa. "Chakula wamekitaja mara moja tu, mama. Wanasema chumvi ilizidi."

Moyo ukanitulia.

"Wanayemsifu ni Bwana Kicheko."

"Nani?"

"Hapa wameandika: 'Bwana Kicheko ametuvunja mbavu. Tumecheka mpaka tukakosa pumzi, na pumzi yenyewe huku ni haba.' Na huyu anasema: 'Tulikuja kutembea, lakini tutakachokumbuka ni jioni ya Bwana Kicheko.'"

Nilikaribia kupiga vigelegele. Wifi ana mwanaume! Mjane mtulivu, macho chini, kumbe jioni kuna bwana anavunja watu mbavu jikoni kwake! Nikaanza kupanga nitamwambia nani kwanza.

"Anafananaje huyo bwana?"

"Wamemchora. Huyu hapa."

Mtu amekaa kwenye kigoda, mikono hewani, mdomo wazi, meno yote nje. Yale meno sikuyatambua. Koti nililitambua. Kiraka cha kiwiko nilikishona mimi mwenyewe.

"Anasimulia alivyovuka ziwa peke yake kwenda kuposa," nesi akaendelea. "Mtumbwi ukapinduka karibu na ufuko, akafika amelowa chapachapa, na maneno yote aliyoyakariri yamezama. Wameandika wangependa kumwona huyo mke." Akatazama koti la mume wangu ukutani, akaninyanyulia macho. "Mama, si ndiwe?"

"Na daftari langu? Langu wameandika nini?"

Akalisoma polepole, kama mtu anayempa mgonjwa habari mbaya. "'Supu nzuri. Pametulia.' Huyu naye: 'Asante kwa ukimya.'"

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote hiyo nimemwonea wifi wivu kwa ajili ya wageni, kumbe alichonacho ni changu. Mimi nalala na gogo, kicheko kinapelekwa nyumba ya pili! Nililia kwa hasira mbele ya mgeni, sikuona haya.

Jioni akavaa koti. "Naenda kumwashia dada jiko," akasema. Nilimwacha atangulie, kisha nikamfuata na daftari chini ya aproni. Kama wangeniuliza, nilikuwa nimekuja kulirudisha.

Jiko la wifi lilikuwa linawaka vizuri kabisa. Kupitia mlango ulioachwa wazi nilisikia sauti ya mume wangu, nene, yenye madaha, ikipanda na kushuka. Alikuwa ameshafika ufukoni, nguo zinachuruzika maji, msichana amesimama mbele yake na fimbo ya kondoo mkononi. Wageni walikuwa wanajifuta machozi. Nikasukuma mlango, nikaingia.

Aliponiona alishusha mikono.

"Endelea," nikamwambia. Nilimaanisha, nawaapia.

"Imeisha," akasema, akainuka.

"Haijaisha!" wageni wakalalamika. "Hujatuambia msichana alijibu nini!"

Akawa anafunga vifungo vya koti, hanitazami. "Hakujibu kitu."

Nilijibu. Nilimwambia, "Karibu ukauke, utasema baadaye," na kila neno nalikumbuka. Lakini nilibaki nimesimama pale, nikimwonea wivu yule msichana wa fimbo ambaye mume wangu hachoki kumsimulia. Wageni walikuwa wananitazama, hawajui mimi ni nani. Wifi akanisogezea kigoda alichokuwa amekalia kaka yake, nacho kilikuwa bado kina joto.