Turubai Uani kwa Mama Rupert

Mfuniko wa sufuria ulianza kucheza kabla jogoo hajawika. Tik, tik, tik, ukatulia, ukaanza tena. Bibi Getruda alikuwa macho zamani. Aliusikiliza akiwa kitandani, akajua kwamba mjukuu wake Leticia amemtangulia kuamka na ameinjika uji ili yeye asisumbuke na moshi. Akavuta blanketi. Wema wa namna hiyo ukiusemea sana unaufukuza.

Siku hiyo walikuwa wanakwenda sokoni kununua vitu vya kulalia porini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bibi Getruda alizaa mtoto mmoja tu, Rupert, baba yake Leticia, na ndiyo maana mtaa mzima wa Bombambili ulimwita Mama Rupert. Huyo Rupert alikwenda Tunduru kuchimba vito, shimo likamwangukia. Wenzake walichimba mpaka mikono ikachubuka, lakini udongo uliendelea kushuka, mwisho wakakatazwa wasije wakafukiwa na wao. Mwili haukupatikana. Habari zilipofika Songea, wazee wa ukoo walitaka turubai lifungwe uani, watu waje walie. Bibi Getruda akakataa. "Nimlilie nani?" aliwauliza. "Mmeniletea nini nikizike?" Basi turubai halikufungwa na matanga hayakuwekwa. Majirani walipita mmoja mmoja, wakakaa kidogo, wakaondoka bila kujua kama waseme pole au wasiseme.

Miaka ikapita. Nyonga ya kushoto ikaanza kumsumbua, na wazo moja likawa linamnyima usingizi. Kwao mtu akifa haachwi alale peke yake. Ndugu wanakesha naye, hata kama ni usiku mmoja. Rupert wake alikuwa amelala kule porini muda wote huo, na hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kulala naye.

"Nataka nikalale naye usiku mmoja," alimwambia Leticia. "Mmoja tu, mjukuu wangu. Hata nikifa baadaye, nitakuwa nimemfikia."

Leticia akampigia simu Daimu, kijana aliyechimba pamoja na baba yake. Daimu akasema pale hapana nyumba, chini ni mawe matupu na siafu, hema halikai. Na Bibi akilala chini, nani angemwinua na ile nyonga? Hapo Leticia akakumbuka watafiti wa miti aliowahi kuwapikia msituni. Walikuwa wanalala ndani ya kitambaa kilichofungwa kati ya miti miwili, na juu yake wanatandaza turubai.

"Hiyo si machela?" Bibi aliuliza. "Machela tulikuwa tunambebea mgonjwa kwenda hospitali ya Peramiho."

"Hii haibebwi, bibi. Ni bembea ya kulalia. Inaning'inia."

"Kama nguo iliyoanikwa."

"Hivyohivyo."

"Basi nianike. Nimeshafuliwa na dunia vya kutosha."

Leticia alicheka, halafu akaweka sharti. Kwanza wangejaribu uani. Bibi akishindwa kulala uani kwake, Tunduru hawaendi.

Sokoni walimkuta muuza maturubai aitwaye Saleh, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma.

"Shikamoo mama. Karibu. La kuanikia mahindi au la msiba?"

Ndivyo wanavyouliza, na hakumaanisha ubaya. Watu wengi hununua turubai kwa mambo hayo mawili: wakati wa mavuno linatandazwa chini, na mtu akifa linafungwa juu, wafiwa wakae kivulini. Ukiliona turubai limefungwa uani kwa mtu, huulizi. Unavua kofia na kuingia.

"Marahaba, mwanangu. La kulalia," Bibi Getruda alijibu.

Leticia akaeleza. Alikuwa amebeba kitambaa kizito alichoshonewa na fundi cherehani, akakitandaza mbele ya duka. Turubai la kwanza lililingana nacho kwa urefu.

"Hili halifai," Leticia alisema. "Lazima lizidi kitambaa kwa mkono mmoja huku na mkono mmoja huku. Upepo ukileta mvua ya pembeni, miguu italowa."

"Mvua mwezi huu wa sita?" Saleh akasema. "Utaisubiri mpaka uolewe."

"Na umande je? Umande wa porini haungojei harusi ya mtu."

Saleh akacheka, akashusha la pili, la buluu, zito, ambalo Bibi alijaribu kulinyanyua akaliacha. La tatu lilikuwa la kijani, jepesi, kingo zake zimekunjwa mara mbili na matundu yamewekewa pete za chuma. Saleh mwenyewe alishika pete moja, akamwambia Leticia ashike nyingine, wakavutana kama watoto. Halikuchanika. Wakalichukua hilo. Wakachukua na mikanda mipana, ile ya kufungia mizigo kwenye malori, kwa sababu kamba nyembamba inakata gamba la mti na inateleza. Na chandarua, na kamba ya manila ya kupitisha juu ili turubai liwe na mgongo kama paa.

"Mnasafiri wapi na vyote hivi?" Saleh aliuliza akiwa anapima kamba.

"Tunduru. Kwa mwanangu."

"Hajambo huko?"

"Amelala," Bibi Getruda akasema. Hakuwahi kupata neno jingine.

Saleh alimtazama usoni, kisha akatazama chini. Alinong'ona dua ya dini yake. Halafu akaendelea kuvuta kamba, akazidisha kipimo walichomwambia, akaongeza tena, akaikata na kuikunja haraka kabla Leticia hajasema kitu. Bibi aliona. Alimwombea njia nzima ya kurudi.

Jioni walifunga bembea kati ya mparachichi na nguzo ya jiko. Leticia aliivuta ikakaza kama uzi wa gitaa, na Bibi alipoikalia ikamgeuza. Ni Mungu tu kwamba mjukuu alikuwa upande ule akamdaka.

"Ilegeze, mke mwenzangu," Bibi alisema akihema. "Hata mtoto mgongoni humkazi hivyo."

Wakailegeza mpaka ikabonyea katikati. Wakafunga na vijikamba vifupi kwenye mikanda, vikaning'inia, ili maji yakitiririka kutoka mtini yadondokee hapo yasifike kwenye kitambaa. Turubai wakalishusha chini pande zote mbili. Bibi akajilaza mshazari, kichwa huku na miguu kule, nyonga ikatulia. Lakini baridi ya Songea inajua njia. Blanketi walikuwa wamelirundika juu yake, na mgongo wake ukabaki na kitambaa kitupu. Alitetemeka, akanyamaza, akaogopa kuambiwa ameshindwa. Leticia ndiye aliyeshtuka, akaleta godoro jembamba la sponji na kulisukuma chini ya mgongo wake. "Ungeniambia, bibi," alisema, bila kumkaripia. Ndipo Getruda akalala usingizi mzito, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miaka.

Na alfajiri ilimkuta katika usingizi huo, watu walipoanza kupita.

Wa kwanza kuona turubai alikuwa jirani yake Adela, akienda bombani. Aliweka ndoo chini. Turubai uani kwa Mama Rupert, na chini yake kitu kimefunikwa gubigubi. Alirudi kwake mbio, akachota unga kwenye ungo, akajifunga kanga kiunoni, akaja akilia tangu njiani.

"Uwii! Mama Rupert! Jirani yangu! Umeondoka hata kwaheri hukunipa!"

Bibi Getruda akaamka na kuinua kichwa. "Nani analia?"

Adela alipiga ukelele na ungo ukamruka mikononi. Unga ukammwagikia mwenyewe, kichwa kizima. Leticia alitoka jikoni mbio, akasimama, mkono mdomoni. Kufikia hapo watu wawili wa bodaboda walikuwa wamezima pikipiki na kuvua kofia, na mama mmoja alikuwa amekuja na kuni kichwani.

"Yu mzima!" Adela akasema, akipepesa macho meupe kwa unga. "Basi amekufa nani? Turubai ni la nani?"

Ilikuwa rahisi kusema hakuna. Leticia alishafungua mdomo aseme ni mazoezi tu, rudini makwenu, samahanini. Bibi Getruda aliwatazama wale watu waliosimama kwenye baridi na vitu mikononi. Alitazama zile kofia zilizovuliwa.

"Ni la Rupert," akasema. "Rupert amekufa."

Hakuwa amewahi kulisema. Neno lilitoka dogo, kama si lake.

Adela angeweza kusema kwamba hilo wanalijua siku nyingi. Badala yake alivua kandambili, akakaa chini palepale penye unga, akalia upya kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ile. Mwenye kuni akazitua. Vijana wa bodaboda wakaenda kuchukua mabenchi.

Kufikia saa tatu ua ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wanaleta maharage na sukari, na sufuria kubwa la kanisani likafika. Bibi alikaa kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka, lakini macho yake yalikuwa makavu. Aliona aibu. Alihisi amewaita watu kwa uongo.

Ndipo akaja Otto, fundi baiskeli. Otto ni Mhehe, na Mhehe na Mngoni ni watani; mtani msibani haombi ruhusa. Alipita katikati ya wafiwa bila kusalimia, akaizunguka bembea, akaibonyeza, akapanda, akajifunika blanketi mpaka usoni.

"Nizikeni basi!" alisema kwa sauti ya puani, akijifanya Rupert. "Wangoni gani nyie? Mnajisifu vita, maiti mmoja amewashinda kumlilia! Miaka yote nimesimama mlangoni, mama hataki kunifungulia!"

Watu wakaguna, wakacheka. Mmoja akamwambia, "Toka huko, Mhehe mla mbwa, utakata kamba!"

"Sitoki. Mpaka mama aniambie nimekufa. Mama! Nimekufa au sijafa?"

Bibi Getruda alicheka. Alicheka kweli, mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko kile kitu kikakatika ndani yake.

"Umekufa, mwanangu," akasema. "Umekufa, baba. Nisamehe, umekufa."

Akalia. Ilitoka sauti ambayo Leticia hakuijua. Otto aliteremka taratibu, akakunja blanketi, akaliweka vizuri, akaenda nyuma ya jiko kusimama peke yake. Na yeye alikuwa anafuta macho. Wanawake hawakumnyamazisha Bibi. Walilia naye mpaka jua lilipofika utosini.

Wiki iliyofuata walipanda basi la Tunduru. Daimu aliwapokea, akawapeleka kwanza kwao kusalimia. Mama yake, Bi Chiku, alimshika Bibi Getruda mikono yote miwili na hakuuliza habari za safari. Aliwapa chai, akawafungia wali kwenye kitambaa, akamwambia Daimu abebe na kaa la moto katika chungu, maana kule juu kuna baridi.

Shimo lilikuwa limejaa udongo, nyasi zimeota juu. Pembeni mtu alikuwa amezungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasikanyage, na miiba ile ilikuwa mibichi.

"Mama huwa ananituma kuibadilisha," Daimu alisema.

Walifunga mikanda kwenye miti miwili, godoro wakalitanguliza chini safari hii, turubai juu. Jua lilipokuwa linashuka Bibi Getruda alijilaza, akaning'iniza mkono nje mpaka vidole vikagusa nyasi. Alianza kumweleza mwanawe nani alikuja: Adela na unga wake, vijana wa bodaboda na mabenchi, yule mwenye kuni. Alimsimulia na utani wa Otto. Leticia alisikia sauti ikipungua, ikipungua, ikakoma. Akaenda kuangalia. Bibi alikuwa amelala, na mkono ulikuwa bado chini.

Asubuhi hakulia. Alifungua mikanda mwenyewe, polepole, akapangusa gamba la mti pale ilipokuwa imeshika. Hakuwa mwenye furaha. Alikuwa kama mtu aliyelala msibani kwa mtu wake, akaamka, akaona kwamba ni kweli.

Bi Chiku alikuwa amekaa mlangoni akiwangoja, maji ya kunawa yako tayari kwenye ndoo. Alimmiminia mgeni wake, akampa kanga safi ya kujifutia, wakakaa pamoja mpaka pikipiki ya kuwarudisha ikasikika inapanda kilima.

"Dada yangu," Bi Chiku akasema, "mwanao analala kwetu. Sisi tunamtazama, lakini sisi si damu yake. Nyonga ikikuruhusu utakuja mwenyewe; isipokuruhusu, nitamtuma Daimu akubebe. Mvua zikija miiba itaoza, tutaibadilisha pamoja. Njoo tena. Usiache kuja."