Gauni la Msumarini

Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua, ila siku ile nilijitahidi kujizuia. Mpwa wangu, binti pekee wa marehemu kaka yangu, alikuwa anaolewa Jumamosi na hataki kupimwa gauni. Fundi mwenyewe ni mama yake mzazi. Mimi wifi yake kazi yangu ni kumtobolea matundu ya vifungo na kumwandikia vipimo. Basi kitambaa cheupe kiko mezani, futi iko shingoni mwa wifi, na bibi harusi kajibanza konani, kakumbatia mkoba tumboni.

"Nishoneeni gauni pana tu," akasema. "La sivyo, naahirisha."

"Uahirishe harusi kisa futi?"

"Shangazi, toka naanza shule naitwa Pipa. Mezani kila tonge lilikuwa na maneno, nikawa nakula nimejificha nyuma ya pazia lile pale. Nikasema, kama mimi ni pipa, acha lijae. Si hili limejaa?"

Wifi akacheka. "Jamani, lilikuwa jina la mapenzi! Na unene ulikuwa nao tangu utotoni, tungekufanyaje?"

Hapo akaingia mteja na binti yake mdogo, anaanza shule, anataka sare. Watoto wa umri ule wifi huwa hawapimi. Ana gauni moja la shule, limechakaa, hulitundika msumarini. Huwavisha hilo kwanza, kisha anajua aongeze wapi, apunguze wapi. Yule mtoto, mwembamba wa watu, akalivaa akajizungusha. Likamkaa vizuri, hata mkanda haukuhitaji kukazwa.

"Unaona?" wifi akamringia mteja. "Karibu watoto wote linawaenea."

Uzalendo ukanishinda. "Wifi, hilo gauni lilikuwa la nani?"

"La Pipa hilo! La mwaka ule alipoanza..." Akaishia hapo.

Mpwa wangu akatoka konani, akapiga magoti mbele ya yule mtoto, akakishika kile kiuno kwa viganja viwili. "Kumbe nilikuwa hivi?"

Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Nilimkasirikia wifi. Miaka yote hiyo anashonea watoto wa mtaa mzima kwa kipimo cha bintiye, huku yeye huyohuyo akimwita Pipa!

"Ulikuwa na mashavu," wifi akasema polepole. "Mashavu tu, mama."

Mteja akamshika mwanawe mkono, akaaga kwamba watarudi kesho. Mpwa wangu akaweka mkoba chini, akainua mikono. "Haya, nipime."

Wifi akamzungushia futi kiunoni, kisha akaninong'oneza namba, kama anavyofanya kwa wateja wanene ili wasione haya.

"Sema kwa sauti, mama. Mwili ninaoolewa nao ndio huu."

Wifi akaishikilia futi palepale kiunoni. "Nisamehe, mwanangu," akasema.

Mpwa wangu akainama, akaisoma mwenyewe, kwa sauti, mpaka wapita njia wakageuka. Nami nikaiandika vilevile alivyoisoma.