Upande wa Mama

Mimi ni mtu wa hasira, na safari hii hasira zangu zilikuwa juu ya Nyakundi, ndugu yangu. Alikuwa ameuziba kwa matofali mlango wa nyumba ya baba kule Ekerenyo, akafungua mwingine upande wa pili, eti nyumba itazame lami. Wapita njia waone ina sura. Sura gani, kama wenyewe hawalali?

Kwetu Gusii, ukitoka mlangoni, mume huzikwa kulia, mke kushoto. Mama tulimzika kushoto, sawasawa kabisa. Nyakundi alipogeuza mlango, kaburi likajikuta kulia, mahali pa baba.

Baba alinipigia simu nikiwa sokoni Daraja Mbili nauza ndizi. "Edinah, mama yako anapapasa ukuta. Anatafuta mlango."

"Baba, wewe ni mzee wa kanisa. Sisi Wasabato tunajua wafu wamelala."

"Mimi najua. Mwambie yeye."

Nilifunga biashara nikaenda, na dawa yake ya presha na maneno makali. Maneno yaliniishia mlangoni. Baba alikuwa amekonda, hali, halali. Nilishamzika mzazi mmoja, na huyu sikuwa tayari kumpoteza.

Nikampikia uji. Ulikuwa mchana wa jua kali, wachuma chai wakipiga soga shambani kwa jirani. Ndipo nikasikia kiganja kikisugua ukuta kwa nje, polepole, kikafika palipozibwa kikasimama. Kisha kikohozi. Kile kikohozi cha mama nilikiuguza mwenyewe, siwezi kukikosea. Nilizunguka nyumba mbio, nikakuta kuku wakichakura tu.

Nyakundi nilipompigia alicheka. "Dada, umeanza ushirikina?"

Nikamwambia abaki na lami yake. Nikamwita Onsongo, jirani yetu, aje na nyundo kubwa, tukayabomoa yale matofali sisi wawili huku baba akitutazama kutoka kitini. Kiganja hakikusikika tena. Baba akala ugali na mboga ya chinsaga, akafuta sahani, hata akanitania kwamba napika kama mgeni. Nilifurahi nikajisikia nimemwokoa.

Jioni nikiwa jikoni nje nilimsikia akisema, "Ngoja basi, nivae viatu." Nilidhani Onsongo amefuata nyundo yake. Nikaendelea kuosha vyombo.

Nilipoingia, kiti kilikuwa kitupu. Baba alikuwa ametokea mlango wa zamani, akaketi nje upande wake wa kulia, penye nyasi, amevaa viatu vya kanisani na kufunga kamba vizuri. Nilimwita. Nikamshika bega, nikamtikisa. Alikuwa ameshapoa.

Sikupiga nduru. Nilivuka kwenda upande wa kushoto, kwenye kaburi, nikamgombeza mama huku nalia. Nikamwambia, "Mama, nilikufungulia uingie. Nani alikuambia umtoe?"