Vidonge vya Wino wa Ngisi

Mama Pasi alikuwa na mkono mwepesi hadi majirani wakamtania kwamba angeweza kunyoosha hata uso wa askari aliyenuna. Udobi wake aliufanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yao: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, na uani kamba zilizojaa mashuka ya watu.

Lakini mwaka ule mwili ulimgeuka. Joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani mpaka utosini, jasho likamchuruzika, kisha akabaki anatetemeka kwa baridi. Mwanzoni alisingizia pasi. Akaizima, joto likabaki palepale. Usingizi nao ukamkimbia. Mteja aliuliza tu kama shati lake limekauka, akafokewa kama mwizi wa kuku. Siku nyingine kibanio cha nguo kilivunjika, Mama Pasi akakaa chini akalia kwa kwikwi.

Shangazi yake alirukwa na akili akiwa na umri kama wake. “Zamu yangu imefika,” alijiambia, na hofu hiyo akaimeza peke yake.

Aliyeshtuka ni wifi yake, muuza vipodozi. Akamletea kichupa cha vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama.

“Hii ni dawa ya homeopathi, wifi, tiba mbadala ya Wazungu. Asili yake wino wa ngisi. Wanawake wameitumia tangu zamani kwa mambo yetu haya: joto, hasira, machozi yasiyo na msiba.”

“Wino? Nisije nikaamka nimeandika mashuka ya watu!”

“Cheka tu. Weka chini ya ulimi, usitafune.”

Akatumia. Hakujua kama alipata nafuu au alipata matumaini, ila alikificha kichupa nyuma ya boksi la sabuni kama mtu aliyeficha dhahabu.

Sasa humo ndani alikuwamo pia baba mkwe, mzee mjane aliyekuwa na ugonjwa wa kisukari na ulimi usiosikia la mkuu. Chai isiyo na sukari aliiita maji ya kuoshea vikombe. Asubuhi moja Mama Pasi aliporudi kutoka uani na beseni, alimkuta kasimama karibu na boksi la sabuni, kichupa kitupu mkononi, akijilamba midomo.

“Baba! Umekula vyote?”

“Nilionja kimoja,” mzee akasema. “Kilikuwa kitamu. Nikaona nisivitenge ndugu.”

“Hiyo ni dawa! Dawa ya... ya wanawake!”

Mzee akajishika kifua kwa mikono miwili, akajipapasa huku na huku. “Nitaota nini, mwanangu?”

Mama Pasi alibwaga beseni chini. Alichomoa waya wa pasi, akafunga mlango, akamkokota mzee mpaka zahanati ya mtaa wa pili. Njia nzima aliwaza jinsi atakavyomweleza mume wake kwamba amemuua baba yake kwa wino wa ngisi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani. Akasoma kichupa, akampima mzee sukari na presha, akamchungulia macho. Kisha akacheka taratibu.

“Mzee amelamba sukari kidogo, basi. Huo wino umezimuliwa na kuzimuliwa hadi humu haumo. Kipimo chake cha sukari si kibaya. Ila mzee, ukirudia kuiba, nitakulaza hapa ule uji wangu.”

Mama Pasi akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Alidhani yameisha. Daktari akamgeukia.

“Na dawa ilikuwa ya nani?”

Mama Pasi akamtazama mkwe wake kwa aibu. Mzee akajifanya anasoma bango la chanjo ukutani, akatoka nje. Hapo ndipo Mama Pasi alipoyamwaga yote: joto, kukosa usingizi, hedhi inayokuja ikijisikia, na shangazi.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza maswali, akampima. “Huna wazimu, dada yangu. Hedhi inakaribia kukoma, na mwili unalipigia kelele jambo hilo. Vile vidonge havitakudhuru, lakini sitakudanganya kwamba ndivyo vitakavyokuponya. Zipo dawa za kutuliza joto hilo. Tutazungumza ipi inakufaa.”

“Kwa hiyo si akili?”

“Si akili.”

Akalia tena, safari hii huku anacheka.

Nje, mzee alikuwa kwenye benchi, kofia magotini. Wakashika njia ya kurudi nyumbani.

“Nilisikia kidogo,” mzee akasema, macho yake barabarani. “Mlango wao mwembamba. Mama yake mumeo, Mungu amrehemu, alihama kitanda akawa analala sakafuni karibu na mlango. Mimi nikasema kanichoka. Nilinuna mwaka mzima. Kumbe joto.”

“Kumbe joto, baba.”

“Mwambie mumeo leo hii. Asije akanuna bure kama mimi.”

Alimwambia jioni ileile, wakikunja mashuka, kila mmoja kashika ncha zake. Mume wake aliacha kukunja, shuka limening'inia katikati yao.

“Na mimi nilidhani una mtu mwingine,” akasema.

“Kwa jasho hili? Nani angenitaka?”

Wakacheka mpaka shuka likaanguka chini, ikabidi lifuliwe upya.